Dhambi Isiyoulizwa Kanisani

Jumamosi asubuhi barabara ya kutoka Oyugis kwenda Kendu Bay hujaa watu waliovaa nguo zao za heshima, Biblia kwapani, watoto wakiwafuata nyuma kwa viatu vilivyong'arishwa tangu jana yake. Jumapili ni zamu ya Wakatoliki, Waanglikana na Wapentekosti, na kanzu za rangi rangi za waumini wa Legio Maria huonekana kutoka mbali zikipanda vilima. Katika kaunti za Homa Bay na Migori, eneo ambalo wazee bado huliita South Nyanza, kanisa lina sauti kuliko chama chochote cha siasa, na limezitangulia serikali za kaunti kwa zaidi ya karne moja. Wamisionari Wasabato, Arthur Carscallen na mwenzake Peter Nyambo aliyetoka Nyasaland, walipiga kambi kwenye kilima cha Gendia mwaka 1906. Mapadri wa Mill Hill nao wakajenga Asumbi. Jimbo Katoliki la Homa Bay, lililoundwa mwaka 1993, linahudumia kaunti zote mbili. Legio Maria, lililozuka mwanzoni mwa miaka ya 1960 chini ya Simeo Ondeto na Gaudencia Aoko, lina mlima wake mtakatifu wa Got Kwer huko Migori, alikozikwa Ondeto aliyefariki mwaka 1991.

Makanisa haya yanajua kumfuata mtu hadi mlangoni kwake. Muumini akioa mke wa pili, wazee wa kanisa watamtembelea. Akipika chang'aa, ataitwa. Akikosana na nduguye hadi wakaacha kusalimiana, atashauriwa asikaribie Meza ya Bwana mpaka wapatane. Msichana wa kwaya akipata mimba, habari itafika kwa mchungaji kabla ya kufika kwa shangazi. Watu hulalamika kwamba nidhamu hii ni kali, na pengine mara nyingine inawaonea wanyonge, lakini hakuna anayeweza kusema haifanyi kazi. Ndiyo iliyojenga desturi za sehemu hii.

Hata hivyo sijawahi kusikia mtu aliyeitwa mbele ya wazee wa kanisa kwa sababu alimwaga zebaki mtoni. Sijasikia mwenye boti aliyeulizwa mbona alitega dagaa wa omena mwezi wa Mei, wakati uvuvi wake umefungwa. Sijasikia mkulima aliyenyimwa ushirika kwa kuparuza kilima hadi kikabaki mawe. Makanisa yetu huyazungumzia mazingira, tena siku hizi huyazungumzia sana. Huandaa siku za kupanda miti, maaskofu hupigwa picha wakishika sepeto. Ila katika orodha ya mambo ambayo mtu huulizwa kwayo, mambo ya toba na nidhamu, ardhi haimo. Hapo ndipo ninapoona kasoro, na ndipo ninapoona pia nguvu ambayo haijatumika.

Dhahabu ya Nyatike

Tuanze na zebaki, kwa sababu madhara yake hayaonekani kwa macho na kwa hiyo ni rahisi kuyasamehe. Wazungu walichimba dhahabu na shaba Macalder, Nyatike, tangu wakati wa ukoloni, na mgodi ule mkubwa ukafungwa mwaka 1966. Dhahabu haikuisha. Maelfu ya watu wa Migori wameendelea kuitafuta kwa sururu, tindo na kamba, Nyatike, Rongo na hadi upande wa Kuria, katika mashimo yanayoingia ardhini kuliko kisima chochote cha kijiji. Wanaume huteremka shimoni. Kazi ya juu, ya kuponda, kuosha na kuchanganya, kwa sehemu kubwa hufanywa na wanawake.

Ikitazamwa kwa karibu, kazi yenyewe ni hii. Mawe husagwa kwa mashine hadi yawe unga. Unga huo humwagiwa maji juu ya ubao ulioinama uliotandikwa vipande vya zulia, mchanga mwepesi ukaondoka na ule mzito wenye dhahabu ukanasa kwenye manyoya ya zulia. Mama hukung'uta zulia ndani ya karai, akaongeza maji, kisha akatia zebaki kidogo kutoka kwenye chupa ndogo. Huikoroga kwa mkono mtupu. Zebaki huitafuta dhahabu na kushikamana nayo. Anachopata hukifunga kwenye kitambaa na kukikamua, zebaki iliyozidi ikarudi chupani, na ndani ya kitambaa kikabaki kidonge cha rangi ya fedha chenye ukubwa wa punje ya mahindi au chini ya hapo. Kidonge hicho huwekwa juu ya moto wa makaa, mara nyingine kwenye jiko lile lile la ugali. Zebaki huchemka ikawa mvuke usio na harufu, ikapaa, na dhahabu ikabaki. Mtoto akiwa mgongoni, naye anavuta mvuke huo.

Maji ya karai humwagwa palipo karibu, na mvua huyasukuma kwenye vijito hadi Mto Migori na Mto Kuja, ambao huingia Ziwa Viktoria huko huko Nyatike. Mchanga uliokwisha kuoshwa nao hauishii hapo. Huuzwa kwa wenye mitambo ya sayanaidi wanaotafuta mabaki ya dhahabu, na zebaki iliyobaki mchangani inapokutana na sayanaidi husafiri kwa urahisi zaidi. Ndani ya maji na matope, vijidudu huigeuza zebaki kuwa aina inayoingia mwilini mwa samaki. Samaki mdogo huliwa na mkubwa, mkubwa akaliwa na mbuta, na mbuta akaliwa na sisi, sumu ikizidi kukolea kila hatua. Mtu mzima aliyeivuta kwa miaka hutetemeka mikono, husahau, figo zake huchoka. Anayeumia zaidi ni mtoto aliye tumboni, kwa kuwa zebaki huharibu ubongo wake unapojengwa.

Dunia ililijua hili kwa uchungu. Mwaka 1956, katika mji wa Minamata nchini Japani, madaktari walianza kuandikisha wagonjwa waliokuwa wakitetemeka na kupooza baada ya kula samaki wa ghuba iliyokuwa ikipokea maji machafu ya kiwanda cha kemikali. Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki umepewa jina la mji huo. Kenya iliutia saini mwaka 2013 na kuuidhinisha mwaka 2023. Serikali, kwa msaada wa mashirika ya Umoja wa Mataifa, imejaribu kuwafundisha wachimbaji njia nyingine. Inawezekana kuitenga dhahabu kwa meza inayotikisika bila zebaki kabisa. Na kwa asiyeweza kuimudu meza hiyo, chombo cha kunasa mvuke kinaweza kuundwa na fundi wa jua kali kwa vipande vya bomba la chuma: moto unawaka chini, mvuke unapita bombani, unapoa, na zebaki inarudi kikombeni. Mchimbaji anaokoa mapafu yake na pesa alizonunulia zebaki.

Sasa niambieni, ni nani katika Nyatike anayekutana na wachimbaji hawa kila wiki, anayewajua kwa majina, anayewazika wanapofukiwa shimoni? Afisa wa mazingira hana mafuta ya gari. Mbunge ana kampeni. Mchungaji na katekista ndio wako pale. Sadaka ya dhahabu hiyo inafika madhabahuni. Paa la mabati la kanisa zima linaweza kulipwa na harambee ya wachimbaji. Kanisa linalopokea sehemu ya kumi ya kile kidonge cha kitambaani lina haki, na naona lina wajibu, kuuliza kimepatikanaje.

Lawi kumi na moja, Lawi ishirini na tano

Atakayesema kwamba kanisa haliwezi kuingilia riziki ya watu kiasi hicho, aende akamtazame Msabato wa Karungu au Mbita akichagua samaki. Kambare, ambaye Mjaluo humwita mumi, ni samaki mtamu wa ziwa hili na babu zetu walimla bila swali. Msabato hamgusi, wala kamongo. Amefundishwa sura ya 11 ya kitabu cha Mambo ya Walawi, inayotenga samaki wenye mapezi na magamba na wasio nayo, na kwa zaidi ya miaka mia moja amelishika fundisho hilo pwani ya ziwa, mahali ambapo mumi ni chakula cha bei nafuu na njaa haipigi hodi. Hilo ni jambo kubwa. Jamii ya wavuvi ilibadilisha sufuria yake kwa sababu ya ukurasa mmoja wa Maandiko.

Kitabu hicho hicho, mbele kidogo, katika sura ya 25, kinaiagiza ardhi nayo ipewe sabato yake: mwaka wa saba isilimwe, ipumzike. Kumbukumbu la Torati sura ya 20 linakataza jeshi linalozingira mji kukata miti yake ya matunda, hata vitani. Zaburi ya 24 inatangaza kwamba dunia na vyote vilivyomo ni mali ya Mungu. Na katika Mwanzo, ndiyo, sura ya 1 inampa mwanadamu mamlaka juu ya viumbe, na mstari huo umetumiwa sana na wenye misumeno. Lakini sura ya 2 inamweka mtu huyo huyo bustanini akiwa na kazi mbili, kuilima na kuitunza. Anayesoma ya kwanza na kuiruka ya pili amesoma nusu ya mkataba wa kazi.

Nasema haya kwa Wasabato kwa heshima, maana hakuna kanisa katika eneo hili lililo na msingi ulio tayari kama wao. Siku yao ya ibada yenyewe ni kumbukumbu ya uumbaji. Kila Jumamosi wanatangaza kwamba ulimwengu una Muumba. Omena hufungwa kuanzia tarehe 1 Aprili hadi 31 Julai kila mwaka ili wazaliane. Kwa lugha ya Walawi, ziwa linapewa pumziko. Ufukweni, kufungwa huko hutangazwa kama amri ya serikali, na amri ya serikali hukwepwa usiku kwa taa zilizofunikwa. Ingetangazwa mimbarani kama sabato ya ziwa, na anayeivunja akaulizwa kama anavyoulizwa aliyefungua duka siku ya Bwana, nadhani taa nyingi zisingewashwa.

Haya si maneno ya kufikirika tu. Majirani zetu Waislamu wa Pemba waliyaonyesha katika kisiwa cha Misali. Wavuvi walikuwa wakilipua baruti juu ya matumbawe, sheria ipo na haifuatwi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 maimamu na walimu wa madrasa walianza kufundisha kwamba binadamu ni khalifa wa Mungu juu ya viumbe na kwamba Kurani inakataza uharibifu. Wavuvi ambao hawakuijali faini waliijali aya, na baruti ikapungua. Sheria ilikuwa imesimama nje ya nyumba ya mvuvi. Imani ilikuwa imekaa naye mekoni.

Tumbaku, kanuni na msitu

Kuna jambo jingine la Migori ambalo Wasabato wangepaswa kulitazama upya. Kaunti hii ni miongoni mwa zinazolima tumbaku kwa wingi nchini, hasa Kuria na Uriri. Jani la tumbaku likishavunwa hukaushwa kwenye vibanda vinavyotiwa moto siku kadhaa, usiku na mchana, na kuni za moto huo hutoka vilimani. Ukipita msimu wa kukausha, moshi hutambaa juu ya boma baada ya boma. Miti ya asili ilikwisha kwanza, ikafuata mikaratusi, na sasa wengine hununua kuni kutoka mbali, deni la mbegu na mbolea likiwa bado halijalipwa.

Kanuni ya Kanisa la Waadventista Wasabato inataja matumizi, utengenezaji na uuzaji wa tumbaku miongoni mwa mambo yanayomtia mshirika katika nidhamu. Kanuni hiyo iliandikwa kwa ajili ya mapafu. Ikisomwa Migori, inagusa pia kilima, chemchemi iliyokauka chini yake, na mtoto aliyeacha shule kwenda kufunga majani. Hapo hakuna haja ya kutunga sheria mpya. Iliyopo ifuatwe hadi shambani, na ifuatwe kwa huruma, kwa kuwa mkulima aliyekwama katika mkataba hawezi kuachwa atoke peke yake.

Njia ya kutokea ipo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Maseno walijaribu mianzi badala ya tumbaku katika eneo hili miaka kadhaa iliyopita. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani, pamoja na lile la Chakula na Kilimo na Mpango wa Chakula Duniani, walichagua Migori kuanzisha mpango wa mashamba yasiyo na tumbaku, wakulima wakipewa mbegu za maharagwe aina ya Nyota, yenye madini mengi ya chuma, na kutafutiwa soko. Maharagwe hayataki kuni za kukaushia. Yanarutubisha udongo. Watoto wanayala. Huko Mbita, kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE kimewaonyesha wakulima kwa zaidi ya miaka 20 jinsi ya kupanda desmodiamu katikati ya mistari ya mahindi ili kuzima kayongo, gugu linalonyonya mizizi, na matete pembezoni ili kuwavuta vipekecha shina watoke kwenye mahindi. Na ng'ombe wakalishwa desmodiamu na matete hayo. Shamba la kanisa, na makanisa mengi yana shamba, ni mahali pazuri pa kumwonyesha jirani vitu hivi. Mara nyingi shamba hilo limekodishwa kwa mtu wa miwa.

Miti ya picha na visiki vilivyo hai

Kuhusu miti nitasema machache, kwa kuwa imesemwa sana. Serikali imetangaza lengo la miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032, na Novemba 13, 2023 ilitoa siku nzima ya mapumziko ili Wakenya wapande. Makanisa yaliitikia. Lakini ilikuwa pia ndani ya ibada, huko Molo mnamo Julai mwaka huo huo, ambapo Rais William Ruto alitangaza kuondolewa kwa marufuku ya ukataji miti iliyokuwapo tangu 2018, akisema miti iliyokomaa inaoza bure huku vijana wakikosa kazi. Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikasitisha agizo hilo kwa muda. Sitabishana hapa kuhusu mbao. Ninachouliza ni hiki: tangazo zito namna ile juu ya misitu linapotolewa mbele ya madhabahu, wenye madhabahu wana la kusema, au wao ni wenye ukumbi tu?

Miche mingi ya sherehe hufa. Hupandwa mwisho wa mvua, ikaachiwa mbuzi. Tony Rinaudo, Mwaustralia aliyekwenda Niger kama mmisionari mwanzoni mwa miaka ya 1980, aliliona hilo kwa uchungu katika eneo la Maradi. Alipanda miche kwa maelfu, ikakauka. Mwaka 1983, akiwa amesimamisha gari njiani apunguze upepo wa magurudumu, alitazama kichaka kimoja jangwani na kugundua kwamba hakikuwa kichaka, kilikuwa mti uliokatwa unaochipua kutoka kisiki chake. Msitu wote ulikuwa bado uko chini ya ardhi. Wakulima wakaanza kuchagua vichipukizi viwili vitatu vilivyo imara kwenye kila kisiki, kupunguza vingine kwa panga, na kuzuia mifugo. Zaidi ya hekta milioni tano za Niger zimerudisha miti kwa njia hiyo, karibu bila kupanda mche hata mmoja.

Vilima vya Gwassi na nyanda kavu za Nyatike zimejaa visiki vya namna hiyo. Migunga hukatwa kwa ajili ya makaa ikachipua, ikakatwa tena ikiwa na unene wa kidole, ikachipua. Kikundi cha vijana wa kanisa chenye mapanga na mzee mmoja anayeijua miti kwa majina yake ya Kijaluo kingeweza, kwa asubuhi moja ya Jumapili baada ya misa, kuhudumia ekari nzima. Hakuna utepe wa kukatwa wala mgeni wa heshima wa kungoja.

Na kuna ardhi ya kanisa yenyewe. Kaskazini mwa Ethiopia, misitu ya asili iliyosalia katika eneo la Amhara karibu yote imezunguka makanisa ya Orthodox. Ukiitazama kutoka angani ni mabaka ya kijani katikati ya mashamba yaliyokauka, na katikati ya kila baka kuna paa la kanisa. Mapadri wanaamini kanisa lisilo na miti limevuliwa nguo. Watafiti Alemayehu Wassie na Meg Lowman waliwasaidia kujenga kuta za mawe kuzuia ng'ombe, kwa mawe yale yale yaliyookotwa mashambani. Sisi watu wa Nyanza Kusini hatuhitaji kufundishwa kuta za mawe. Thimlich Ohinga, boma la mawe lisilo na udongo wala saruji, limesimama Nyatike tangu karne ya 16 na UNESCO ililitambua kama urithi wa dunia mwaka 2018. Zungukeni misheni zetu mhesabu miti. Mingi ni mikaratusi iliyopandwa kwa ajili ya nguzo, mara nyingine kando kabisa ya chemchemi.

Dhambi ya kijiji kizima

Karibu na Kendu Bay kuna ziwa dogo la duara, Simbi Nyaima, ambako heroe huja kula. Kila mtoto wa Karachuonyo anajua kisa chake: bikizee mwenye njaa alifika kijijini usiku wa sherehe, akafukuzwa mlango baada ya mlango, mwanamke mmoja tu akamkaribisha, na kabla ya alfajiri mvua ikakizamisha kijiji chote. Kisa hicho ni cha kale kuliko Gendia na Asumbi, na kina jambo ambalo mahubiri yetu yamelipoteza. Kosa lilikuwa la kijiji. Mashimo ya dhahabu, vibanda vya tumbaku, gugumaji linalofunga gati ya Homa Bay kwa sababu ya maji taka na mbolea tunayoiachilia ziwani, hayo hayana mkosaji mmoja wa kuitwa mbele ya wazee. Yanahitaji namna ya kutubu pamoja.

Kuna makanisa ya Afrika yaliyokwisha kuipata. Mwaka 1991 huko Masvingo, Zimbabwe, makanisa huru ya Kiafrika, ya kanzu na manabii yanayofanana sana na Legio Maria wetu, yaliungana katika umoja wa kuitunza ardhi, mwanatheolojia Inus Daneel akiwa miongoni mwao. Waliunda ibada ya ushirika mtakatifu ya kupanda miti. Kabla ya kupokea mkate na divai, waumini walipanga foleni mbele ya manabii na kukiri: nilikata miti bila kupanda, nililima ukingo wa mto, niliburuta mkokoteni ukachimba makorongo. Aliyekataa kukiri hakushiriki. Kisha kila mmoja alibeba mche wake na kuupanda, akizungumza nao kama kiumbe mwenzake. Walipanda mamilioni. Nimesoma habari zao mara nyingi nikiwaza Got Kwer: mlima mtakatifu, mahujaji wanaoupanda wakiomba, kanisa linaloamini kwa dhati kwamba mahali pana nguvu. Ni nani aliye karibu zaidi na ibada kama hiyo kuliko wao?

Wakatoliki nao wana waraka wa Papa Fransisko wa mwaka 2015, Laudato Si', ambao unafunga pamoja kilio cha ardhi na kilio cha maskini. Novemba mwaka huo huo alikuja Nairobi na kulizungumzia jambo hilo katika ofisi za Umoja wa Mataifa huko Gigiri. Askofu Fredrick Shoo wa Kilutheri, Kilimanjaro, amepata jina la askofu wa miti. Na Wangari Maathai, aliyesomeshwa na masista, alituachia kazi nzima ya maisha. Hatuna upungufu wa walimu.

Najua majibu mawili yatakayotolewa. La kwanza ni kwamba dunia hii itateketea, Bwana yu karibu, tutunze roho. Nimelisikia kwa wahubiri wa makanisa mengi. Lakini wahubiri hao hao hujenga makanisa ya matofali na kuwasomesha watoto wao hadi chuo kikuu, kwa hiyo wanajua kwamba kungoja si kuacha kazi. Paulo, katika Warumi 8, anasema viumbe vyote vinaugua vikingoja ukombozi pamoja nasi, na Ufunuo 11 unawataja waiharibuo nchi miongoni mwa watakaohukumiwa. Anayehubiri siku ya mwisho ana sababu zaidi ya kuogopa zebaki.

La pili lina uzito: watu wana njaa. Mama wa karai ana karo ya kulipa Jumatatu. Kwa hiyo swali la wazee wa kanisa haliwezi kuja mikono mitupu. Kanisa linaloweza kufanya harambee ya vipaza sauti linaweza kununua vyombo vya kunasa mvuke kwa kila kikundi cha wachimbaji walio washirika wake, kuwakopesha wakulima mbegu za maharagwe, na kumlisha mvuvi aliyefunga nyavu zake kuanzia Aprili hadi Julai. Akina mama wa jumuiya ndogo ndogo za Kikatoliki wanajua tayari kuchanga kwa ajili ya matanga na hospitali. Wachange kwa hili. Na mwenye mtambo, mwenye boti kumi, mwenye lori la mchanga, yeye aulizwe kwanza na aulizwe zaidi, maana ndiye anayeketi kiti cha mbele siku ya harambee.

Mahali pa kuulizia swali hilo pamekwisha kutengwa. Mara moja kila robo ya mwaka, Wasabato hufanya ibada ya unyenyekevu kabla ya Meza ya Bwana. Wanaume kwa wanaume, wanawake kwa wanawake, huketi wakioshana miguu kwa beseni na taulo, na kabla ya hapo kila mmoja hutakiwa kupatana na yule aliyemkosea. Katika makutaniko ya Nyatike, mtu wa karai na mtu anayechota maji chini ya mto wamo katika kutaniko moja. Wiki chache kabla ya robo ijayo, wazee wa kanisa wanapokwenda nyumba kwa nyumba kuwaandaa washirika, na waulize, pamoja na yale mengine wanayouliza siku zote: ndugu, maji yako unayamwaga wapi?